Je, hali ya kwanta inaweza kugeuka papo hapo? Jibu kwa mwanafunzi wa Ng'ong'ona

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma fizikia mwaka wa tatu hapa Dodoma, nimepanga Ng'ong'ona. Darasani tumefundishwa kwamba hali ya kwanta haiwezi kubadilika haraka kupita kikomo kinachowekwa na nishati yake. Halafu nimesoma kwamba Hamiltoni, yaani matriki ya nishati inayoendesha hali hiyo, ikiwa si ya Hermiti (haihifadhi jumla ya uwezekano), muda wa kubadilika unaweza kushuka hadi karibu na sifuri. Ni kweli? Kama ni kweli, je, haivunji sheria ya Einstein kuhusu kasi ya nuru? Na kwa nini kompyuta za kwanta zisitumie njia hiyo? Natamani iwe mada ya mradi wangu wa mwisho, na nilichonacho ni kompyuta mpakato tu.

Jibu: Marahaba. Ulichosoma ni kweli kama kilivyoandikwa, na kikomo ulichofundishwa nacho kipo palepale. Mambo hayo mawili hayagombani ukishajua nini kimeachwa nje ya hesabu. Vimeachwa vitu viwili: nguvu ya muunganiko kati ya hali mbili, na idadi ya majaribio yanayopotea njiani. Nitakuonyesha vyote viwili kwa matriki moja ya mbili kwa mbili, ambayo unaweza kuikokotoa kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na kikomo chenyewe. Mwaka 1945 Leonid Mandelstam na Igor Tamm, wanafizikia wa Umoja wa Kisovieti, walionyesha kwamba mfumo uliofungwa hauwezi kutoka hali moja hadi nyingine iliyo tofauti nayo kabisa, yaani vekta zake zikiwa zimekaa pembemraba, kwa muda mfupi kuliko πħ/2ΔE. ΔE ni mtawanyiko wa nishati, na ħ ni namba ya Planck ukiigawanya kwa 2π. Hali yenye thamani moja tu ya nishati haina mtawanyiko, na hali ya namna hiyo haiendi popote. Inazungusha awamu yake tu, yaani pembe ya wimbi lake. Mwaka 1998 Norman Margolus na Lev Levitin waliongeza kikomo cha pili kinachotumia wastani wa nishati juu ya ngazi ya chini kabisa, na mfumo unalazimika kuvitii vyote viwili. Kwa ngazi mbili zenye pengo la elektronivolti 1, muda mfupi kabisa wa kugeuka ni kama femtosekunde 2. Kwa kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta, ambayo pengo lake ni sawa na gigahezi 5, ni nanosekunde 0.1.

Wanafunzi wengi huikariri fomula hiyo bila kuiona. Iangalie kama jiometri, utaona mambo yanafunguka. Mwaka 1990 Jeeva Anandan na Yakir Aharonov walieleza kwamba hali ya kwanta inasafiri katika nafasi ya hali zote, na kasi yake, ukiipima kwa pembe, ni ΔE/ħ. Hali mbili zilizo tofauti kabisa ziko umbali wa nyuzi 90, yaani π/2. Gawanya umbali kwa kasi, unapata muda wa Mandelstam na Tamm. Swali lako sasa linageuka kuwa maswali mawili: Hamiltoni isiyo ya Hermiti inafanya nini kwa kasi, na inafanya nini kwa umbali?

Hamiltoni hizo si kitu kigeni. Mwaka 1928 George Gamow alipoeleza jinsi kiini cha atomu kinavyotoa chembe za alfa, alitumia nishati yenye sehemu isiyo halisi, yaani iliyozidishwa kwa i, kipeuo cha pili cha −1, na sehemu hiyo ndiyo iliyobeba kasi ya kuoza. Urani iliyotafutwa na wachimbaji huko Bahi na Manyoni inaoza kwa njia hiyohiyo. Hamiltoni yoyote ya aina hii unaweza kuiandika A − iΓ, ambapo A na Γ zote ni za Hermiti. A inasogeza hali kama kawaida. Γ inaeleza uvujaji: uwezekano unatoka kwenye mfumo unaoutazama na kwenda mahali ambako huuhesabu tena. Jumla ya uwezekano inapungua chini ya 1, na ili uendelee kuzungumzia hali iliyobaki, unaigawanya kwa ukubwa wake ili irudi kuwa 1. Hatua hiyo ndogo ya kugawanya ishike vizuri, maana kila kitu kinachoonekana kama muujiza huko mbele kinaingilia hapo.

Mwaka 1998 Carl Bender na Stefan Boettcher walionyesha kwamba baadhi ya Hamiltoni zisizo za Hermiti, zinazobaki vilevile ukigeuza kioo na wakati kwa pamoja, zina nishati halisi tupu. Ulinganifu huo ndio unaoitwa PT. Miaka tisa baadaye, mwaka 2007, Bender akiwa na Dorje Brody, Hugh Jones na Bernhard Meister walichapisha matokeo uliyoyasoma: ukishikilia pengo la nishati lisibadilike, muda wa kutoka hali moja hadi nyingine unaweza kufanywa mfupi upendavyo.

Sasa shika kalamu. Chukua ngazi mbili, ya 1 na ya 2. Muunganiko kati yake ni s, na nitaweka ħ iwe 1 ili s iwe kasi moja kwa moja. Ngazi ya 1 inavuja, na γ inapima ukali wa uvujaji huo; ngazi ya 2 haivuji. Mstari wa kwanza wa matriki ni −2iγ na s. Wa pili ni s na 0. Anzia ngazi ya 1. Iite pembe ya safari φ: ni sifuri ukiwa ngazi ya 1, ni nyuzi 90 ukifika ngazi ya 2. Ukiandika mlinganyo wa Schrödinger na kugawanya kwa ukubwa wa hali, kinachobaki ni hiki:

kasi ya φ = s + γ sin 2φ

Mlinganyo huu mfupi unastahili kutazamwa kwa muda. Pasipo uvujaji, kasi ni s mwanzo hadi mwisho na muda ni π/2 ukigawanya kwa s. Uvujaji ukiwepo, mwanzoni hausaidii chochote, kwa kuwa sin 2φ ni sifuri ukiwa ngazi ya 1. Mwishoni vilevile. Msaada unakuja katikati, kwenye nyuzi 45, ambako kasi inafika s + γ. Kwa nini katikati? Kwa sababu hapo hali ni mchanganyiko wa ngazi mbili, na uvujaji unakula sehemu ya ngazi ya 1 peke yake. Sehemu ya ngazi ya 2 inaongezeka kwa uwiano hata pale isipoongezewa kitu. Ni kama mama anayepepeta uwele kwenye ungo: upepo ukichukua makapi, ungo unakuwa na uwele mtupu mapema, na hakuna hata punje moja iliyoongezwa. Tofauti ni kwamba katika kwanta sehemu hizo mbili zina awamu na hujumlishwa kama mawimbi, ndiyo maana γ inaingia moja kwa moja kwenye kasi badala ya kubaki suala la kuchambua tu.

Tuweke namba. Chagua s ili 1/s iwe mikrosekunde 1. Bila uvujaji, safari inachukua mikrosekunde 1.571 na majaribio yote yanafika. Weka γ iwe nusu ya s: muda unashuka hadi 1.209, na yanayofika salama ni karibu 30 kati ya 100. Weka γ iwe sawa na s: muda ni 1 kamili, na yanayofika ni kama 13 au 14 kati ya 100. Weka γ mara mbili ya s: 0.760, yanafika 5 hivi kati ya 100. Weka γ mara kumi ya s: muda ni 0.301, na yanayofika ni 24 hivi kati ya 10,000. Kuna fomula nzuri nyuma ya namba hizi, na ningependa uithibitishe mwenyewe: ukiita muda wa kufika τ, sehemu inayosalimika ni e kwa kipeo cha −2γτ, kila mara, γ iwe ndogo au kubwa.

Kwa hiyo ndiyo, muda unaweza kukaribia sifuri. Ila majaribio yanayosalimika nayo yanakaribia sifuri, tena kwa kasi kubwa zaidi. Chukua muda wa jaribio moja, ugawanye kwa sehemu inayofanikiwa, na kila jaribio liendeshwe hadi mwisho wake: kwa γ sawa na nusu ya s unapata kama mikrosekunde 4 kwa kila fanikio, kwa γ sawa na s kama 7.4, kwa γ mara kumi ya s zaidi ya 120. Njia ya kawaida, ile ya 1.571, inazishinda zote. Hilo peke yake linajibu sehemu kubwa ya swali lako la kompyuta.

Kuna safari ya kurudi pia, ambayo watu huisahau. Ukianzia ngazi ya 2 kwenda ya 1, ishara inageuka na kasi inakuwa s − γ sin 2φ. Uvujaji uleule uliokusukuma wakati wa kwenda sasa unakuzuia. Kwa γ nusu ya s, kurudi kunachukua mikrosekunde 2.418, hivyo kwenda na kurudi ni 3.627 dhidi ya 3.142 ya kawaida. Umepoteza. Na γ ikifikia s, kasi kwenye nyuzi 45 ni sifuri: hali inasogelea nusu ya njia na kukwama hapo milele. Hapo ndipo panapoitwa nukta ya kipekee, mahali ambapo thamani mbili maalumu za matriki, yaani nishati zake, zinakuwa moja na vekta zake mbili nazo zinakuwa moja. Vitabu huieleza kwa lugha ya aljebra, na wanafunzi huona ni jambo la karatasi tu. Kwa mlinganyo huu unaiona kwa macho: ni mahali ambapo njia ya kurudi inafungwa.

Turudi kwenye matokeo ya 2007. Wao walishikilia pengo la nishati, yaani tofauti kati ya thamani mbili maalumu, huku mimi nikishikilia s. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika matriki yetu, γ ikiwa ndogo kuliko s, pengo ni 2 mara kipeuo cha pili cha s² − γ². Ukitaka kusogelea nukta ya kipekee huku pengo likibaki vilevile, huna budi kuikuza s bila kikomo. Pima kwa mfano: weka uwiano wa γ na s uwe sawa na sini ya nyuzi 80, na pengo liwe 1. Mfumo wa Hermiti wenye pengo hilo unahitaji muda wa 3.14. Mfumo wa PT unahitaji 0.349, mara tisa haraka zaidi. Inashangaza, hadi uulize s ni ngapi: ni 2.88. Mfumo wa kawaida kabisa wenye s ya 2.88, usiovuja chochote, unageuka kwa muda wa 0.545. Faida halisi ya uvujaji ni mara 1.56 tu. Iliyobaki yote imetoka kwenye muunganiko mkubwa ambao jina la "pengo lilelile" limeufunika. Na ukikaa upande huu wa nukta ya kipekee, faida hiyo haivuki π/2, yaani 1.571, hata ufanyeje.

Sisemi kwamba makala ile ilikosea. Hesabu yake ni sahihi na ilifungua mlango muhimu. Lakini msomaji anayebeba sentensi moja tu ya muhtasari anabeba picha isiyo kamili, na mjadala uliofuata ndio uliokamilisha picha. Mwaka huohuo wa 2007 Ali Mostafazadeh alionyesha kwamba ukipima pembe kwa jiometri inayoifanya Hamiltoni ya PT ihifadhi uwezekano, muda haupungui chini ya kikomo cha kawaida. Katika jiometri hiyo hali zile mbili hazikai pembemraba tena; zimesogeleana. Kasi haikuongezeka, umbali ndio uliopungua. Mwaka 2008 Uwe Günther na Boris Samsonov walikuja na tafsiri ambayo mimi naiona bora zaidi: mfumo wa PT wa ngazi mbili ni sehemu ya mfumo mkubwa wa Hermiti wa ngazi nne. Katika huo mkubwa hakuna kinachovuja na kikomo cha zamani kinatawala. Kinachoonekana kama kasi ya ajabu ni kivuli cha mwendo wa kawaida, ukiutazama kwa majaribio yaliyochaguliwa peke yake.

Je, upande wa A − iΓ wenyewe una kikomo? Unacho, na uthibitisho wake ni mistari michache. Mraba wa kasi ya pembe, ħ ikiwa 1, ni mraba wa mtawanyiko wa A, kujumlisha mraba wa mtawanyiko wa Γ, kujumlisha kiasi kinachotokana na A na Γ kutobadilishana nafasi. Kiasi hicho cha tatu hakiwezi kuzidi mara mbili ya zao la mitawanyiko hiyo miwili, kwa hoja ileile inayoleta kanuni ya Heisenberg. Kwa hiyo kasi haivuki ΔA + ΔΓ. Ukirudi kwenye mfano wetu, kwenye nyuzi 45 ΔA ni s na ΔΓ ni γ, na kasi ni s + γ hasa. Mfano wetu unagusa kikomo chenyewe. Hilo linanifurahisha kila ninapolifundisha.

Kuhusu Einstein, jibu ni fupi. Pembe φ si umbali wa kilometa. Spini (usumaku mdogo wa asili wa chembe) inayogeuka haiendi popote, kwa hiyo kasi ya kugeuka kwake haigombani na kasi ya nuru. Hatari ipo kwingine: mwaka 2014 Yi-Chan Lee na wenzake walionyesha kwamba ukichukua chembe mbili zilizofungamana, yaani zinazoshiriki hali moja ya kwanta, moja ikaendeshwa kwa Hamiltoni ya PT, na ukajifanya hakuna kilichopotea, hesabu inaruhusu ujumbe kuvuka haraka kuliko nuru. Rudisha majaribio yaliyopotea kwenye hesabu, na ujumbe huo unatoweka.

Majaribio ya kweli yapo, na yote yanalipa gharama hiyo waziwazi. Mwaka 2013 Chao Zheng, Liang Hao na Gui Lu Long wa China waliiga mwendo huo wa haraka kwa spini za viini vya atomu, wakitumia spini ya ziada kama msaidizi. Mwaka 2019 kundi lingine la China, la Yang Wu na wenzake, lilitumia kasoro ndani ya almasi, elektroni ikiwa ndiyo kyubiti na kiini cha jirani kikiwa msaidizi. Mwaka huohuo Mahdi Naghiloo, Kater Murch na wenzao huko Marekani walitumia saketi ya kipitishi kikuu, yaani kinachopitisha umeme bila ukinzani, yenye ngazi tatu: ngazi mbili za juu zilikuwa mfumo, na ya chini kabisa ilikuwa shimo la kuvujia. Kila jaribio lililodondokea ngazi ya chini liliwekwa kando. Matriki niliyokupa ni ndugu wa karibu wa mfumo wao.

Kwa mradi wako, usichague kichwa kinachosema muda ni sifuri. Amua kwanza unauliza nini: hali ya majaribio yaliyosalimika, au hali ya majaribio yote kwa pamoja, yaliyopotea yakiwemo. La pili linahitaji matriki ya msongamano, inayobeba mchanganyiko wa hali nyingi kwa pamoja, na vikomo vyake vilitolewa mwaka 2013 na makundi matatu tofauti, mojawapo la Adolfo del Campo na wenzake, jingine la Sebastian Deffner na Eric Lutz. La kwanza ndilo hili tulilolifanya, na linatosha kwa mwaka wa tatu. Andika programu fupi ya Python inayotatua milinganyo miwili ya Schrödinger, ukishikilia s na kubadilisha γ kutoka sifuri hadi mara kumi ya s. Kwa kila γ chora vitu vitatu: muda wa kwenda, muda wa kurudi, na sehemu inayosalimika. Kisha rudia ukishikilia pengo badala ya s, na uweke michoro hiyo bega kwa bega. Hapo msimamizi wako ataona umeelewa.

Angalizo moja la kiufundi. Karibu na nukta ya kipekee usitumie njia ya kutafuta vekta maalumu za matriki kisha kuzijumlisha, kwa kuwa vekta hizo mbili zinakaribia kuwa moja na makosa ya kukadiria yanakua vibaya. Tembeza muda kwa hatua ndogo, au tumia eksponenti ya matriki moja kwa moja. Kagua kwa γ sawa na s: muda wa kwenda lazima utoke 1/s, na sehemu inayosalimika 0.135. Ukipata 0.018 badala yake, umeweka −4γτ mahali pa −2γτ kwenye eksponenti ya ukaguzi wako, au umeupiga mraba ukubwa wa hali mara mbili. Nitumie michoro ikiwa tayari, hata kama haijakamilika.